Dari Lililobaki Nusu

Marlys Tollefsrud alikuwa amepaka rangi nyumba za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika mji wao mdogo wa Minnesota hapakuwa na ukumbi wa kanisa wala sebule ya mtu ambako mkono wake wa kushoto haukuwahi kupita. Nasema wa kushoto kwa sababu ndio aliozaliwa kufanyia kazi. Wa kulia ulikuwa wa kushikia ndoo tu.

Jumanne moja ya Oktoba alitoka kununua brashi, akapita duka la dawa kuchanjwa chanjo ya mafua. Alichanjwa kila mwaka. Mama yake alikuwa amepooza mguu mmoja kwa polio utotoni, kabla chanjo haijafika, na katika nyumba ile sindano haikuwa jambo la kubishania. Siku zote Marlys alitoa mkono wa kulia. Siku hiyo kiti kilikuwa kimebanwa na ukuta upande wa kulia, foleni imefika mlangoni, naye hakutaka kumsumbua mtu. Akatoa wa kushoto.

Mfamasia hakumwambia akunje mkono wa shati. Aliivuta kola upande, yeye kasimama, Marlys kakaa, akachoma juu kabisa, karibu na ncha ya mfupa.

"Ai! Si juu sana hapo?" Marlys akauliza.

"Itauma kidogo tu, mama. Kesho utakuwa umeshasahau."

Jioni hiyo hiyo alishindwa kuinua sufuria ya viazi. Mumewe, Gaylen, aliyekuwa akiendesha greda la kusafisha barabara za wilaya, aliipokea sufuria mikononi mwake, akaitua mezani. Gaylen alikuwa mtu wa maneno machache.

Alhamisi Marlys alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa Ardith Quamme. Huyu Ardith alifundisha Kilatini katika shule ya mji ule kwa miaka thelathini na minane, na hadi leo watu wazima wenye wajukuu walimwita Mwalimu na kuficha sigara wakimwona. Jumamosi ilikuwa sikukuu yake ya kutimiza miaka themanini, na wageni arobaini walikuwa wamealikwa. Marlys alipaka nusu ya dari. Kila alipoinua rola, bega lilichoma kama linalochokonolewa kwa bisibisi. Akahamishia rola mkono wa kulia, ikamponyoka, rangi ikaruka kwenye zulia.

"Wewe Marlys! Umelewa?"

"Silewi mchana, Mwalimu."

"Kumbe unalewa saa ngapi?"

Marlys alishuka, akafuta zulia, akasema hajisikii vizuri, atarudi Jumatatu.

"Jumatatu! Nikae na wageni arobaini chini ya dari la rangi mbili? Usirudi, msichana. Nitatafuta anayejua kazi."

Msichana mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na saba. Hakusema kitu kuhusu bega. Kwao, mtu aliyelalamika kuhusu mwili wake mbele ya mteja alionekana anaomba huruma, na Marlys alikuwa radhi aitwe mlevi kuliko kuonewa huruma. Wiki iliyofuata ilikuja barua kutoka kwa Mwalimu. Alitambua mwandiko, akaitupa jikoni kwenye jiko la kuni bila kuifungua.

Akangoja bega lipone, nalo halikupona. Novemba hakuweza kufunga sidiria. Desemba hakuweza kuosha nywele, ikawa Gaylen anamwinamisha kwenye sinki la jikoni na kumwosha kwa vidole vyake vinene, polepole, kama anayeosha yai. Kazi za madari alizikataa moja baada ya nyingine. Mwisho wa Januari ndipo alipokwenda kwa daktari, na daktari, akiwa na haraka, akamuuliza anafanya kazi gani. Alipojibu, daktari aliandika: maumivu ya bega la kushoto, wiki kadhaa, huenda ni kazi ya kupaka rangi.

Picha ya ndani ya bega ilionyesha vingine. Kifuko kidogo kinacholainisha kiungo cha bega kilikuwa kimevimba, na nyama zilizokizunguka zimekakamaa. Mtaalamu wa viungo aliyemfanyisha mazoezi alimtazama akamuuliza, "Ulichomwa sindano upande huu hivi karibuni?" Marlys akamwonyesha mahali. Yule mtaalamu akatikisa kichwa. "Juu mno. Wewe si wa kwanza ninayemwona hivi. Tena kuna mfuko wa fidia kwa ajili ya hili, ulijua?"

Hakujua. Alipofika nyumbani alimweleza Gaylen.

"Sitaki kumshtaki yule binti wa duka la dawa," akasema. "Alikuwa na foleni hadi nje."

"Basi piga simu uulize," Gaylen akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Wakili aliyempata aliitwa Deborah Pinsker, aliyekaa Philadelphia, na katika miaka yote ile hawakuonana ana kwa ana hata mara moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula huku akizungumza.

"Nisikilize, mama. Humshtaki mfamasia. Unaidai serikali, Washington. Kila chanjo inayouzwa inakatwa kodi ya senti kadhaa, zinaingia kwenye mfuko. Wewe ukiumia, mfuko unalipa. Hata mimi silipwi nawe, mahakama ndiyo inayonilipa. Huhitaji kuthibitisha nani alikosea."

"Nathibitisha nini, basi?"

"Kwamba bega lilikuwa zima kabla. Kwamba limeuma zaidi ya miezi sita. Na kwamba maumivu yalianza ndani ya saa arobaini na nane baada ya sindano. Hapo ndipo tuna shida. Umekwenda kwa daktari baada ya miezi mitatu, na karatasi inasema wiki kadhaa, inasema rangi. Upande wa pili watalipiga nyundo neno hilo mpaka lizame. Nani alikuona siku mbili za mwanzo?"

"Mume wangu."

"Mume ni mume. Mwingine?"

"Yupo mmoja," Marlys akasema. "Lakini aliniita mlevi."

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Jumapili moja baada ya ibada alikuja mdogo wake, Loren, na bakuli la viazi na nyama iliyookwa, na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Nilikuambia au sikukuambia? Sindano zao sumu! Sasa dada, Jumamosi tuna mkutano wa kupinga chanjo kule kwenye ukumbi wa maveterani. Wewe simama tu, uonyeshe mkono usivyoinuka. Dakika tano."

"Loren, chanjo haikuniumiza. Sindano ilichomwa mahali pasipostahili. Ukipigilia msumari kwenye kidole, utalaumu msumari?"

"Lakini unaidai serikali!"

"Naidai kwa sababu imejiwekea sheria ya kulipa. Mama alivuta mguu ule miaka sitini. Ungemwambia yeye dakika zako tano?"

Loren alichukua kofia yake. Bakuli alikaribia kulichukua pia, akaona haya, akaliacha. Kwa miezi saba hawakusemezana, na hilo lilimuuma Marlys kuliko alivyokubali, maana walikuwa wawili tu waliobaki kwao.

Marlys alikwenda kwa Ardith Quamme mwezi Machi, theluji ikiwa imeanza kuwa tope. Alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba mpaka kioo kikajaa ukungu. Alipogonga, Mwalimu alifungua mlango akiegemea fimbo yake.

"Umekuja kumalizia? Umechelewa. Alikuja mtu wa mji wa pili, amenipakia kama anayepaka siagi."

"Sikuja kwa dari, Mwalimu. Nimekuja kukuomba kitu."

Akaketi, akamweleza yote: sindano, bega, mahakama, saa arobaini na nane. Alisema akitazama magoti yake. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa amekunja uso.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unaumwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuita mlevi. Mwanamke mzima umesimama hapo hapo, hukunijibu."

"Nilijibu kwamba silewi mchana."

"Hilo ni jibu la mlevi!" Mwalimu akagonga sakafu kwa fimbo. "Nilikuambia katika barua, ukiumwa sema. Hukuisoma?"

Marlys akasema, "Niliichoma moto."

Yule mzee aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, akachelewa huko. Aliporudi alishika jalada la kadibodi. Kila barua aliyoiandika tangu ujana wake, alitia karatasi ya kaboni chini yake, akaweka nakala. Alilamba kidole, akafunua, akatoa ukurasa mmoja na kumwekea Marlys mapajani.

Ilikuwa na tarehe ya Alhamisi ile ile. Ilianza kwa matusi ya kistaarabu kuhusu zulia. Kisha ilisema: *Nilikufundisha miaka minne na najua unatumia mkono wa kushoto. Leo umeshika rola kwa wa kulia, huku umelikunja bega la kushoto kama mtu aliyepigwa rungu, na ulipodhani sikuoni ulilia. Kama unaumwa, sema kama mtu mzima. Kama umelewa, kaa kwako.*

Marlys aliisoma mara mbili. Herufi za kaboni zilikuwa za buluu na zimefifia kidogo pembeni.

"Unaweza kunipa hii?"

"Nakala nitakupa. Na hati ya kiapo nitaandika. Lakini nitaandika nilichokiona, si unachotaka wewe. Nitaandika pia kwamba nilidhani umelewa."

"Andika, Mwalimu."

"Nitaandika. Na itanitia aibu, ujue."

Wakili Pinsker aliposomewa barua hiyo kwenye simu, aliacha kutafuna. "Rudia pale pa mkono wa kulia," akasema. Kisha: "Mama, mashahidi wanaokupenda ninao kila siku. Sijawahi kupata aliyekukasirikia na kuweka tarehe."

Hata hivyo mambo ya mahakama hayakimbii. Madai yalipelekwa, faili likangoja zamu yake pamoja na maelfu mengine, yakaombwa makaratasi ya daktari ya miaka kumi nyuma. Marlys alichomwa sindano ya kupunguza uvimbe, kisha akafanyiwa upasuaji mdogo, kisha mazoezi tena. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha ndipo hakimu alipotaka kuwasikia, kwa njia ya video. Mwalimu alikuwa na miaka themanini na miwili. Alivaa shanga zake za kanisani, akaketi meza moja na Marlys, mbele ya kompyuta ya kuazima.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole. Alimuuliza Mwalimu kama yaweza kuwa amechanganya siku.

"Kijana, ilikuwa siku mbili kabla sijatimiza miaka themanini, na dari langu lilikuwa nusu jeupe nusu manjano. Wewe ungeisahau?"

Hakimu alionekana akifunika mdomo kwa kalamu.

Kisha ikaja zamu ya Marlys. Kijana akauliza kuhusu karatasi ya daktari. Akajibu kwamba daktari aliuliza kazi, naye akajibu kazi. Akaulizwa mbona alingoja miezi mitatu. "Nilidhani litapona," akasema. "Nimelelewa kungoja." Mwishowe akaulizwa kama tangu hapo amewahi kuchanjwa tena.

"Kila mwaka. Mkono wa kulia. Namwambia anayechoma apime vidole vitatu chini ya mfupa, na akae, asubiri nikunje shati. Wengine wananuna."

Miezi minne baadaye hakimu aliandika kwamba maumivu yalianza ndani ya saa arobaini na nane, na kwamba barua ya Bi. Quamme ilimshawishi kuliko karatasi yoyote. Serikali haikubishana tena. Pande mbili zilikubaliana dola elfu themanini na mbili, kwa maumivu na kwa kazi zilizopotea.

Nakala ya uamuzi ilikuja kwa posta siku ya Ijumaa. Marlys aliisoma jikoni, kurasa zote, kwa kidole, akitafuta mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu alikosea. Hakupaona. Wakili alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza, lakini bado alitafuta. Aligundua kwamba hakuwa akitaka mfamasia aumbuliwe. Alitaka tu mtu aseme, *halikuwa kosa lako kungoja*. Karatasi za mahakama haziandiki hayo. Akazirudisha kwenye bahasha.

"Wamekubali," akamwambia Gaylen alipoingia na buti zake.

Gaylen alisoma ukurasa wa kwanza, akausoma wa mwisho, akavua kofia. "Walipaswa," akasema. Kisha, baada ya kuvua buti moja: "Mpigie Loren, asije akasikia kwa watu."

Akampigia. Loren alisema vizuri, vizuri sana, halafu akasema bado ni sumu, halafu akauliza bega vipi. Lilikuwa linainuka hadi usawa wa sikio, na hapo linagoma. Daktari alisema huenda lisipite hapo. Kwa hiyo Marlys aliingia ubia na Pa Kou Yang, mwanamke wa Kihmong, watu waliotoka milima ya Laos, mwenye mikono mirefu kutoka mji wa jirani. Madari yote yakawa ya Pa Kou; milango, madirisha na mbao za chini ya kuta vikawa vya Marlys. Jumatatu iliyofuata walianza korido za shule ya msingi. Pa Kou alipanda ngazi akiimba kwa Kihmong, na Marlys akapiga magoti kwenye kipande cha boksi, akachovya brashi, akaanza mlango wa kwanza kwa mkono wa kushoto.