Baridi Nje ya Ua

Jumamosi moja ya Februari, omena za Mama Milka zilikataa kukauka. Alikuwa amezianika mapema kama kawaida, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani kati ya ua wa boma lake na ziwa, na jua lilikuwa limetoka kali kama linavyotoka kila Februari. Kufikia saa nne, omena za wanawake wengine zilikuwa zimekakamaa na kung'aa kama bati jipya. Za Milka zilikuwa mbichi bado, kana kwamba zimetolewa majini sasa hivi. Alizigeuza kwa ufagio. Kisha akasimama wima, akanyoosha mkono mbele yake kama mtu anayepima maji ya kuoga, akarudi nyumbani kuchukua sweta.

"Liz ameleta baridi," alimwambia binti yake mkubwa, Mourine, aliyekuwa ameketi mlangoni akisahihisha kazi za darasa la sita.

"Wapi?"

"Pale alipolala."

Mourine alichomeka kalamu kwenye nywele, akaenda kuona.

Liz alikuwa mdogo wake. Alikufa Agosti iliyopita, kwa ugonjwa wa kifua, katika hospitali moja huko Homa Bay, na akaletwa nyumbani kwa mashua kwa sababu barabara ilikuwa imeharibika. Hakuwa ameolewa. Kwa desturi ya ukoo wao, msichana ambaye hakuolewa hazikwi ndani ya boma, kwa hiyo kaburi lake lilichimbwa nje ya ua, upande wa ziwani, mahali ambapo mchanga unaanza kuchanganyika na udongo. Kila asubuhi mama yake alimwona juu ya ua, kama mtu anavyomwona jirani.

Mourine alipita langoni, akazunguka. Hatua chache kabla ya kaburi jua lilipungua makali. Hapakuwa na wingu. Mwanga ulikuwa ule wa mvua iliyokwisha kitambo kidogo tu, mwanga uliooshwa, na udongo ulinukia. Matone machache yalidondoka begani mwake, ingawa hapakuwa na mti wa kuyadondosha. Alivua viatu. Mchanga ulikuwa na unyevu.

Aliitambua saa hiyo. Ndiyo saa pekee ambayo Liz alikuwa akiipenda. Tangu utotoni, mvua ilipokoma tu, alitoka nje pekupeku na kusimama bila kufanya lolote, hata aitwe mara ngapi.

*

Rabwao ni mji mdogo wa ziwani. Barabara moja ya vumbi jekundu inateremka kutoka kilimani, inapita shule na kanisa, inapita safu ya maduka na msikiti mdogo wa mabati, kisha inaishia mchangani kama mtu aliyesahau alichokuwa akienda kufanya. Mbele yake ni ziwa, na upande wa pili wa ziwa ni mahali jua linapozama. Usiku upepo hutoka nchi kavu na kuzisukuma mashua za wavuvi wa omena kwenye maji marefu, na taa zao huonekana kama mji mwingine, mkubwa kuliko Rabwao. Adhuhuri upepo hugeuka na kuja kutoka ziwani. Kati ya upepo mmoja na mwingine kuna kipindi ambacho hakuna unaovuma. Hewa husimama. Miezi ya Januari na Februari kipindi hicho ni kirefu, na watu wa Rabwao hukipitisha wakiwa wamekaa, midomo wazi, wakingoja.

Mourine alifundisha haya yote kila mwaka. Alichora ziwa kwa chaki ya buluu na nchi kavu kwa chaki nyeupe, na mishale ikienda na kurudi, kama alivyofundishwa chuoni. Jumatatu ile, alipomaliza mishale, msichana mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, na baridi ya Liz?"

Mourine alifikiri kidogo, kisha akachora duara dogo ukingoni mwa ziwa. Mkaguzi wa shule alipopita wiki iliyofuata, aliuliza duara hilo ni la nini. Alielekezwa dirishani. Alitazama, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaendelea kukagua.

Kwa maana wakati huo mji mzima ulikuwa umehamia pale. Baridi ya Liz ilienea eneo la ukubwa wa uwanja wa netiboli, na ndani yake ilikuwa daima ni baada ya mvua. Wanawake waliosubiri mashua walisubiri pale. Watoto wachanga waliolia usiku kucha kwa joto waliletwa wakalala. Akina mama wa kanisa walihamishia pale maombi yao ya Alhamisi. Wachimba dhahabu kutoka Macalder, waliokuja Rabwao kula samaki, waliketi pale na vumbi la mgodini likiwa bado kwenye nyusi, wakasema huko kwao ardhi haijawahi kumpa mtu kitu bila kuchimbwa.

Mahmud mwenye duka alihamisha kreti zake za soda akazipanga kando ya kaburi, kwa heshima, upande wa miguuni. "Mimi nilikuwa nauza soda moto," alisema. "Marehemu ameniokoa. Liz alikuwa binti mzuri hata alipokuwa hai."

"Hata alipokuwa hai ulimwita mvivu," mkewe Kultum alimkumbusha.

"Mvivu mzuri."

Na kila siku, kipindi cha hewa kusimama kilipoanza, baba mdogo wa Mourine na Liz, Jared, alitoka langoni na kiti chake cha kukunja mkononi. Jared ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma tangu baba yao Mourine afariki. Alikuwa mtu mpole, mnene, aliyesumbuliwa na joto kuliko wote. Alifungua kiti chake karibu kabisa na kaburi, mahali baridi ilipokuwa nzuri zaidi, akavua kofia, akasema, "Habari ya mchana, nyathina," yaani mwanangu, akalala.

*

Mama Milka alingoja mpaka siku moja alipomkuta ameamka na uso umetulia.

"Shemeji," alisema, "sogeza ua. Ni hatua chache tu. Mtoto aingie nyumbani."

Jared alikaa vizuri kitini. "Milka, unajua haiwezekani."

"Unamkalia kila siku."

"Ninakaa naye. Simkalii." Aliipanga kofia yake gotini. "Msichana asiyeolewa akilala ndani ya ua, wasichana wengine wa boma hawataolewa. Si mimi niliyeiweka desturi hiyo. Niliikuta."

"Wasichana wengine ni Mourine peke yake."

"Ndiye huyo ninayemfikiria."

Mourine alikuwa amesimama nyuma yao na birika la chai. Alimmiminia baba yake mdogo, akamwongezea sukari, akaona jinsi alivyokuwa akiitazama ardhi ya upande wa kushoto wa kaburi, iliyokuwa tupu.

"Na hata hivyo nafasi ipo," Jared alisema taratibu, akipuliza chai. "Mungu apishe mbali, lakini kama mambo hayatakuwa, nafasi ipo. Hatalala mbali na mdogo wake."

Alisema kwa upendo. Mourine aliona kwamba alisema kwa upendo, akarudi jikoni na birika.

Mwezi wa Machi ulipoingia, joto lilizidi. Magugu maji yalikuwa yameziba ghuba, na upepo wa adhuhuri uliyapitia ukafika umechoka. Jared hakuwa akipata usingizi ndani ya nyumba. Baridi ya Liz ilifika kwenye ua na kukomea hapo; mtu angeweza kusimama langoni, mguu mmoja kwenye unyevu na mwingine kwenye vumbi la moto. Jared alikata nafasi katika ua ili ipite. Haikupita. Aliongeza lango la pili. Watu walipita, kuku walipita, baridi ilibaki nje.

Ndipo akapata wazo. Alilitangaza wakati wa chakula, mbele ya Milka na Mourine.

"Nitausogeza ua," alisema.

Milka aliacha kula.

"Nitausogeza uchukue eneo lote la baridi, mpaka kwenye mchanga. Ila ukifika kwake, utakunja. Utamzunguka. Sisi tutapata baridi ndani ya boma, na yeye atabaki nje kama inavyotakiwa. Hakuna desturi itakayovunjwa."

"Atakuwa ndani na nje," alisema Mourine.

"Atakuwa nje," Jared alisema. "Ila kwa karibu."

Vijana walikata matawi ya minyaa kutoka ua wa zamani, wakayachomeka kwenye mstari mpya, wakijikinga macho na utomvu wake. Minyaa haichagui, hushika popote. Ua mpya ulitoka kwenye boma kama mkono ulionyooshwa, ukachukua mahali pa maombi ya Alhamisi, ukachukua mahali pa kulaza watoto, ukafika kwenye kaburi na kukunja kiwiko. Ulimzunguka Liz pande tatu. Upande wa nne, ulioelekea ziwani, uliachwa wazi, ili isisemekane kwamba yuko ndani.

Jioni hiyo Jared aliweka kiti chake ndani ya boma lake mwenyewe, akavuta blanketi. Mwanga wa baada ya mvua ulikuwa umemzunguka. Alilala kama mtoto.

Kulipopambazuka, aliamka akitokwa na jasho. Ndani ya ua kulikuwa na Machi tupu. Kuku walikuwa wamepanua mabawa wakihema. Kreti za Mahmud, ambazo sasa zilikuwa ndani, zilikuwa za moto kiasi kwamba chupa moja ilikuwa imepasuka. Jared alitembea huku na huku amenyoosha mkono. Mwishowe alifika kwenye ule mkunjo, akachungulia juu ya matawi.

Baridi ilikuwa kaburini tu. Ilikuwa imejikusanya ikawa na upana wa kitanda cha watu wawili, na kwenye nusu moja, ile ya kushoto, Milka alikuwa amelala juu ya mkeka wake, amevaa sweta. Alikuwa ametoka langoni na kuzunguka kwa ufuoni ili afike. Matone madogo yalikuwa kwenye nywele zake.

"Milka," Jared aliita juu ya ua. "Huko kukoje?"

"Kuna baridi."

"Huku hakuna."

"Najua."

Jared aliweka mikono juu ya tumbo. Utomvu wa minyaa ulidondokea shati lake.

"Kwa hiyo anataka nini?" aliuliza.

Milka hakufungua macho. "Yeye hajasema kitu, shemeji. Ni mimi niliyesema."

Mourine, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake mdogo na vitabu vyake vya shule, alihisi kwamba neno fulani linakuja. Lilikuwa karibu sana. Angeweza kuliona likipanda shingoni mwa Jared. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, kung'oa matawi ya ule mkunjo na kuyapanda upande wa ziwani, Liz awe ndani. Alimwona akiyapima kwa macho. Kisha Jared akageuka, akamwona yeye, mwalimu wa shule asiyeolewa, na uso wake ukajaa huruma, na lile neno likashuka tena.

"Rudisheni ua ulipokuwa," aliwaambia vijana.

Waliurudisha. Matawi yaliyokuwa yameanza kushika yaling'olewa, yakapandwa kwenye mstari wa zamani, na yakashika tena. Kufikia adhuhuri baridi ilikuwa imetandaa kama mwanzo, kutoka kwenye ua mpaka mchangani. Watoto waliletwa. Mahmud alirudisha kreti zake. Kultum alimletea Milka kikombe cha kahawa ya tangawizi, wakaketi pamoja, na Jared akatoka langoni na kiti chake.

"Habari ya mchana, nyathina," alisema, akavua kofia.

*

Mvua za masika zilikuja Aprili, kubwa kama zilivyokuja mwaka ule kote ziwani. Zilinyesha kila mahali isipokuwa kwa Liz, ambako zilikuwa zimekwisha. Watu waliokuwa njiani walikimbilia pale kujikinga.

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Mourine hajaolewa, wala hajalalamika. Mishale anaichora, na duara pia, na watoto wanainakili bila kuuliza. Jioni, akitoka shuleni, hupitia kaburini kumchukua mama yake. Jared huwa ndiye wa mwisho kuondoka. Hukunja kiti chake, huvaa kofia, huinama kidogo na kusema "Oriti," kwaheri ya usiku, kwa sauti ya mtu anayempenda mtoto. Kisha huingia ndani na kufunga lango.

Mama yake anapokunja mkeka, Mourine husimama kidogo upande wa kushoto, mahali pake, na kufikiria atachagua hewa gani siku atakapolazwa hapo. Kwa muda mrefu alidhani ni upepo. Si ule wa mchana wala ule wa usiku, bali wake mwenyewe, usioonyeshwa na mshale wowote, ambao hautakubali kiti cha mtu kisimame hapo hata kidogo. Aliujua vizuri mpaka vumbi lake.

Lakini mama yake hupenda kulala pale mchana, na mkeka ni mwepesi. Kwa hiyo bado anafikiri.