Shimo la Jumatatu

Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na robo, mama mwenye nyumba alimgongea mpangaji wake wa chumba cha uani na kumwambia kwamba ana mgeni. Mpangaji alikuwa ukingoni mwa kitanda, akijiandaa kuhamia kwenye kiti chake cha magurudumu. Aliuliza ni nani. Mama mwenye nyumba alisema hamjui, ila anaonekana ametembea sana, maana ana udongo.

Mgeni alikuwa shimo. Lilikuwa mbele ya kizingiti, kwenye sakafu ya saruji, la duara, upana wake kiganja kilichokunjuliwa na kina chake kama cha sufuria ndogo. Kingo zilikatwa vizuri kwa chuma, na nyasi fupi zilikuwa bado zimeshikilia mdomoni. Halikuingia. Lilisubiri kukaribishwa.

"Karibu," alisema mpangaji.

"Ahsante, dada." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesemea mtungini.

Mama mwenye nyumba alitaka kujua mambo mawili tu: mgeni atakaa siku ngapi, na kama anatarajia kuleta ndugu zake. "Mwanangu, mimi nilipangisha chumba kwa mtu mmoja," alisema. "Leo shimo, kesho kutwa nitakuta handaki." Shimo lilimhakikishia kwamba halina ndugu, na kwamba halili wala haliogi. Mama akasema wageni wote wangekuwa hivyo dunia ingekuwa na amani, akarudi kwenye ufagio wake.

Mpangaji huyo alifanya kazi katika chumba cha viatu cha klabu ya gofu. Wanachama walivua viatu vyenye tope, yeye akavisugua, akabadilisha misumari ya soli iliyolika, akavipanga kwa namba. Pale walimwita Rula, kwa sababu mpira alioupiga ulikwenda mnyoofu kama mstari. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu homa aliyougua akiwa na miaka minne. Alicheza akiwa ameketi: mkanda kiunoni, mkono wa kushoto umeshika kiti, wa kulia unazungusha fimbo.

Kila Jumatatu, uwanja ulipofungwa ili nyasi zipumzike, klabu iliwaruhusu wachezaji wenye ulemavu kufanya mazoezi. Walikuwa wanne: mwalimu wa hesabu mwenye mkono mmoja, fundi redio asiyeona ambaye mke wake alimwelekeza kwa maneno, dereva wa lori aliyebaki na mguu mmoja, na Rula. Hao ndio waliokuwa timu ya taifa. Baada ya wiki sita wangesafiri kwenda kushindana na timu za nchi nyingine kumi.

Kuzunguka kila shimo la gofu kuna nyasi zilizonyolewa zikawa kama zulia. Wachezaji wanaziita grini. Mpira ukishafika hapo haupigwi tena, unasukumwa taratibu hadi uingie shimoni. Kanuni ya klabu ilisema magurudumu hayapandi grini, yanajeruhi nyasi. Kwa hiyo Rula alipofika ukingoni alisimama. Mwalimu alimwandikia mipigo miwili ya kukadiria, mtu akamwokotea mpira, wakaendelea na shimo linalofuata. Alikuwa amecheza hivyo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuwahi hata mara moja kusikia mpira wake mwenyewe ukianguka shimoni.

Shimo lilieleza shida yake baada ya kupewa nafasi karibu na mlango, upande usio na mkeka. Lilichimbwa jana, Jumatatu, kwenye grini ya saba. Kila asubuhi mkata nyasi huchimba shimo jipya kwenye kila grini na kulifukia la jana kwa kizibo cha udongo chenye nyasi zake juu, ili wachezaji wasikanyage mahali pamoja kila siku. Shimo huishi siku moja, na haliombi zaidi. Lakini jana mvua ilinyesha saa nne, watu wakakimbia, na mpira mmoja tu ukafika grini ya saba.

"Ulikuwa wako," lilisema. "Ulisimama hatua moja kutoka kwangu. Ukaandikiwa miwili, ukaondolewa. Leo alfajiri nilimsikia mkata nyasi anakuja na kizibo, nikaona siwezi. Nitafukiwaje na hakuna kilichoingia?"

Rula alisema anaelewa.

"Nitakaa na wewe ufanye mazoezi. Ila uniahidi, dada. Ukirudi kutoka huko, unirudishe grini ya saba, umalizie ule mpira, kisha unifukie. Uingie mwenyewe. Usitume mtu."

Rula alijua maana ya kuingia mwenyewe. Alikuwa amewahi kusaini barua inayosema gurudumu likionekana kwenye grini, mwenye gurudumu atapoteza kazi na ruhusa ya uwanja. Alifikiri kwa muda wa kufunga kamba za viatu viwili. Akasema ameahidi.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kula, alisukuma mipira kutoka kitandani hadi mlangoni. Hatua nne. Mwanzoni mipira ilikwenda uvunguni mwa kabati. Usiku wa nne mmoja uliingia. Sauti yake ilikuwa ko, halafu koko, halafu kimya. Rula aliweka fimbo mapajani akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Shimo lilimwambia kwamba ya mazoezi haihesabiwi, lakini hongera.

Lilikuwa mgeni mwenye sifa adimu: lilisikiliza mtu mpaka mwisho. Rula alilieleza habari za mama yake aliyekufa, na za dada yake aliyeolewa mbali, ambaye hupiga simu mara mbili kwa mwaka na kuuliza kama mvua zimenyesha. Alilieleza kwamba siku nyingine sauti ya kwanza anayotoa ni saa sita mchana, anapomtajia mtu namba ya viatu vyake. Chumba kile kilikuwa na kikombe kimoja. Katika wiki ya tatu alinunua cha pili, ingawa shimo halikunywa.

Siku ya safari alilitia kwenye sanduku, kati ya sweta na soksi. Afisa wa uwanja wa ndege aliuliza humo ndani mna nini. Rula akasema nguo na shimo. Afisa alipima sanduku mara mbili, kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko sanduku tupu, kisha akamwambia apite, ila wakati mwingine shimo aliandikie jina.

Mashindano yalikuwa ya siku tatu. Kila siku wanne wote walicheza, na hesabu tatu bora, za mipigo michache zaidi, ndizo zilizochukuliwa. Ya nne iliachwa.

Siku ya kwanza, kwenye shimo la kwanza, Rula alipiga mpira ukapanda grini na kusimama mahali pazuri. Alisukuma kiti hadi ukingoni, akasimama. Mpinzani wake, kijana wa kiti cha magurudumu kutoka nchi yenye baridi, alipita pembeni yake na kupanda grini bila kupunguza mwendo. Rula alimgeukia msimamizi, mama mtu mzima mwenye kofia ya jua, akamwomba amwandikie miwili.

Mkalimani alitafsiri. Msimamizi aliomba arudie. Mkalimani akatafsiri tena.

"Anauliza ni nani aliyekukataza," alisema mkalimani.

Rula alisema ni nyasi. Msimamizi alizitazama nyasi, akamtazama Rula, akaandika kwamba mchezaji hakumaliza shimo, kwa kuwa kanuni za pale hazikuwa na mipigo ya kukadiria. Kwenye shimo la pili Rula alipanda grini, lakini alikuwa akigeuka kila mara kutazama nyuma ya magurudumu yake. Jioni hesabu yake ndiyo iliyoachwa. Siku ya pili pia. Wenzake hawakumlaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Kwenye meza ya chakula dereva alimsogezea mkate akasema hata lori lina tairi la akiba.

Usiku alilitoa shimo sandukuni, likajilaza kwenye zulia la hoteli. Alilieleza yote. Aliliomba kesho lifuatane naye uwanjani, lijiweke tu karibu.

"Nikija itakuwa udanganyifu," lilisema shimo. "Grini moja, mashimo mawili? Nenda peke yako. Umbali unaujua."

Siku ya tatu, mchana, Rula alirudi kwenye grini ya kwanza. Watu walikuwa wanakula. Alitafuta alama za magurudumu, za asubuhi ile na za siku mbili zilizopita, za kwake na za viti vingine kumi na viwili vilivyopita pale. Alipitisha kiganja juu ya nyasi kama anayempima mtoto homa. Alama hazikuwapo. Alipanda, akaweka alama mpya, akazitazama. Nyasi zililala, zikakaa kidogo, zikaanza kuinuka moja moja. Zilimaliza kuinuka katika muda ambao mtu anakunywa chai ya moto bila haraka.

Aliihesabu miaka tisa. Kisha akaenda kucheza yaliyobaki.

Kwenye shimo la mwisho timu yao ilihitaji mpira wake uingie kwa mpigo mmoja. Ulikuwa hatua nne kutoka shimoni, sawasawa na kutoka kitandani hadi mlangoni. Aliusukuma. Ko, koko, kimya. Mke wa fundi redio alianza kumweleza mume wake kilichotokea, na mume akamwambia anyamaze, amesikia. Walimaliza wa tatu. Hesabu iliyoachwa siku hiyo ilikuwa ya dereva, ambaye alipiga mguu wake wa bandia kwa fimbo akasema, "Leo tairi la akiba ni mimi. Nimefurahi kweli."

Nyumbani, klabu iliwafanyia sherehe. Kikombe walichoshinda kiliwekwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa chakula, juu ya ngazi nne, na picha yao ikatundikwa karibu nacho. Rula aliiona kupitia dirisha. Baada ya hotuba alimweleza meneja kuhusu nyasi. Alieleza kwa utaratibu, kwa sababu aliamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa.

Meneja alimsikiliza akiwa ameshika glasi. Alisema wote wanamjivunia. "Lakini nyasi za kule ni za kule, binti yangu. Za hapa ni za hapa." Kesho yake barua ya kanuni ilirudi mezani kwake, nakala mpya, na mahali pa kusaini palikuwa pamewekewa msalaba ili asipate tabu. Alisaini.

Jioni ile shimo lilisema haliwezi kumlazimisha. Lilisema chumba ni kizuri na sakafu ya saruji limeizoea. Rula alivitazama vikombe viwili juu ya kabati. Alijua akilibakiza, hakuna mtu duniani atakayemdai. Alisema walale mapema.

Walifika klabuni saa kumi na mbili asubuhi, uwanja bado una umande. Mkata nyasi alikuwa kwenye kibanda chake. Alimwona Rula ana sanduku mapajani, akaingia ndani, akatoka na kopo la siagi. Ndani yake mlikuwa na kizibo cha udongo, nyasi zake mbichi, zimemwagiliwa maji.

"Nililikosa siku ile," alisema. "Nikajua limetoka kidogo, litarudi."

Kwenye ukingo wa grini ya saba, ambako shimo la jana lilikuwa limekwisha fukiwa na la leo bado halijachimbwa, Rula alisimama kwa mazoea. Kisha akasukuma magurudumu, akapanda. Alifungua sanduku. Shimo lilishuka, likatafuta mahali pake, likakaa. Rula aliweka mpira hatua moja kutoka kwalo, pale pale uliposimama Jumatatu ile.

"Kwaheri, dada," lilisema shimo.

"Kwaheri."

Alisukuma. Sauti ilikuwa ileile ya kila jioni, ila hii ilihesabiwa. Alifungua mkanda, akateremka kitini, akauacha mpira ndani, akaweka kizibo juu yake na kukikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka kikawa sawa na nyasi nyingine, hata angeulizwa kilipo asingejua. Mkata nyasi alisubiri mashine ikiwa imezimwa. Rula alipomaliza kupanda kitini, mzee alikuwa ameshika daftari ambalo kila asubuhi huandika lolote alilolikuta kwenye grini na kulipeleka kwa meneja.

"Niandike nini, mwanangu?"

"Andika ulichokiona, baba. Usije ukapoteza kazi kwa ajili yangu."

Mzee aliandika grini ya saba, kiti cha magurudumu, saa kumi na mbili na nusu. Alifikiri, akauliza ilikuwa mipigo mingapi.

"Mmoja."

Akaandika na hilo, kwa wino.

Rula alirudi nyuma juu ya alama zilezile alizoingia nazo, ili zibaki mbili, zisiwe nne. Kabla hajafika ukingoni, za mwanzo zilikuwa zimekwisha inuka.