Lebo ya Binti wa Kalista

Lebo ilikuwa inafutika, na Jovin hakuwa na raha. Ilikuwa kijikaratasi cha kunata, upana wa vidole viwili, ambacho hospitali ilimbandika mtoto wao mkononi. Kiliandikwa kwa Kichina: Binti wa Kalista, kisha uzito wake na saa aliyozaliwa. Mtoto hakumaliza siku mbili. Hawakuwahi kumpa jina, na nani angekuwa na moyo wa kumpiga picha? Kalista alirudi nyumbani na lebo ile, akaibandika kwenye kioo cha dirisha.

Kule Kangle, mtaa wa Wachina walikopanga, nyumba zimebanana hata majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani, lakini jua la mchana lilipata upenyo. Likaanza kula namba za uzito, likahamia kwenye saa. Jovin akaitoa lebo, akaificha kabatini. Kalista akairudisha palepale. Na Kalista huyuhuyu kazi yake ni kubandika lebo kwenye marobota ya mzigo wa Dar. Roli la lebo likiachwa juani, huwafokea wenzake mpaka walitoe! Jovin akajiambia kuwa huzuni imemziba macho mkewe. Siku akiamka akute karatasi nyeupe, itakuwaje? Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Jumamosi, Kalista alipokwenda kazini, Jovin alikata shauri. Kwao Bukoba kila karatasi ya maana hupigwa laminesheni: cheti cha shule, cha ubatizo, hata kadi ya kliniki. Ikishavalishwa plastiki, basi ni ya milele. Aliibandua lebo kwa ukucha, roho mkononi, akaibana katikati ya kadi mbili za benki, akashuka mbio hadi duka la kuchapia karibu na soko la vitambaa.

"Laoban, taratibu," alimwambia bosi wa duka kwa Kichina chake cha sokoni. "Hii ni ya mtoto."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaiingiza kwenye mashine. Sasa, lebo zile hazina wino. Maandishi yake huchorwa kwa joto, panapoguswa huwa peusi, na mashine ilikuwa moto kama pasi. Lebo ikatokea upande wa pili nyeusi tii.

"Meiyou banfa," alisema yule mama kwa huruma. Hakuna la kufanya.

Simu ilikuwa mfukoni muda wote, na mjinga yule hakukumbuka kuipiga lebo hata picha moja.

Alishinda chumbani akitunga uongo: upepo, panya, mwenye nyumba. Kila hatua ngazini ilimshtua. Kalista alipoingia, uongo wote ukamkauka kinywani, akamkabidhi kile kipande cheusi.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitaka isifutike."

Kalista alikigeuza, akakitazama. "Jua linafanya nini nalijua, Jovin. Ndiyo maana niliiweka pale."

"Ulitaka ifutike?"

"Kuitupa kwa mkono wangu nilishindwa. Nikaona jua linisaidie, kidogo kidogo. Kila asubuhi nasoma kilichobaki, namuaga. Lilikuwa limebaki neno moja tu. Binti."

Maji yakimwagika hayazoleki. Jovin alifungua kinywa ajitetee, kikatoka kilio, cha kwanza tangu mazishi. Muda wote huo alikuwa akilinda huzuni ya mkewe, yake hajaigusa. Kalista aliweka mkoba chini, akamkumbatia, akamwambia alie tu.