Minyaa Iliyotembea

Zamda, mjumbe wa nyumba kumi pale Isevya, alikuwa amebakiwa na sahihi moja tu. Fomu ya kupanua uchochoro wao ilitaka sahihi za nyumba ishirini na mbili. Ikikosekana hata moja mpaka Ijumaa saa sita mchana, mradi wa kata wa mtaro wa mawe na changarawe unahamia mtaa mwingine. Na Zamda hilo hakulitaka hata kulisikia. Masika iliyopita binti yake Shamila alijifungulia ndani ya bajaji iliyonasa katikati ya uchochoro, majirani wameshika kanga kuziba upepo. Sasa Shamila ana mimba nyingine, miezi saba.

Sahihi iliyobaki ilikuwa ya Mzee Idrisa, fundi baiskeli. Hoja yake fupi: mpaka wangu ni ua wa minyaa, minyaa kapanda marehemu baba, tumemaliza.

Shida ni kwamba minyaa ile ilikuwa imetembea. Usicheke. Utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni utalia kuliko wafiwa, kwa hiyo miaka arobaini Idrisa alikata ya upande wa ndani tu. Ya nje alisema watakata wapita njia. Tangu lini mpita njia akatembea na panga? Ua ukajisogeza kidogo kidogo, masika hadi masika, mpaka ukameza hatua tatu za njia ya watu.

Mwenyekiti wa mtaa alishamwandikia barua tatu. Zamda hakuandika kitu. Alhamisi asubuhi alimchukua Yoramu, mpima ardhi, akaazima miwani ya kuchomelea kwa Uwesu fundi mageti, akafunga kibwebwe, akabeba panga. Yeye ni Mzaramo, Idrisa Mnyamwezi. Watani hao, tangu enzi za misafara.

"Shikamoo, Mnyamwezi!" Fyaa! Tawi la kwanza chini.

Idrisa akatoka mbio, gurudumu mkononi. "Marahaba! We mwanamke, umerogwa? Hiyo mali ya marehemu!"

"Nimemuuliza, kasema fyeka. Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka pwani hakuguna, wewe vijiti tu vinakushinda kuachia?"

"Alibeba, akafika, babu yako akamkaribisha uji. Kuamka, mzigo haupo!"

Majirani wakajaa, vicheko juu. Mtani hakasirikiwi; ukinuna umeshindwa, na watakusimanga mpaka siku ya kukuzika. Idrisa aliyajua hayo. Akaweka gurudumu chini, akatabasamu tabasamu ambalo Zamda hakulipenda hata kidogo.

"Sawa. Mpima, kunja utepe wako. Twende tukapime kwa mjumbe kwanza."

Hapo panga la Zamda likapoa. Baraza lake jipya, lenye marumaru za bluu alizobandika Ramadhani iliyopita, lilikuwa limevuka mpaka na kuingia uchochoroni. Alijua. Alikuwa amejiambia tu kwamba futi mbili si kitu kwa mtu anayehangaikia mtaa.

Wakahamia wote barazani kwa Zamda; Yoramu akavuta utepe, akapiga kigingi. Kikaingia katikati kabisa ya marumaru.

"Mzaramo!" Tunu muuza maandazi akapiga kigelegele. "Mzigo umeonekana!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Zamda angeweza kusema mpima kakosea. Angeweza kusema tutalizungumza kikaoni. Akamtazama Shamila aliyesimama mlangoni, mkono kiunoni, akashusha pumzi.

"Uwesu, nipe nyundo."

"Dada Zamda, marumaru hizo..."

"Nyundo, nimesema!"

Pigo la kwanza lilichubua. La pili likapasua, vipande vikaruka mpaka miguuni kwa Idrisa. Alipoinua la tatu, mzee akamshika mkono.

"Lete hiyo fomu, mtani. Nikikuacha utajivunia mwaka mzima kwamba umebomoa peke yako."

Akasaini hapo hapo juu ya goti, kisha akamnyang'anya nyundo na kuendelea kubomoa kwa raha isiyofichika. Zamda akarudi kwenye minyaa. Kufika adhuhuri, ua ulikuwa umelala chini na vigingi vimesimama pande zote mbili. Hakungoja Ijumaa. Akadandia bodaboda na miwani ya Uwesu kichwani, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, mpaka ofisi ya kata.

Mtendaji akahesabu sahihi, zikatimia. Akamtazama juu mpaka chini, akafungua mdomo kuuliza, kisha akaona bora agonge muhuri.