Fisi Aliyegeuza Shingo

Hanifa aliporudi Singida kutoka Tabora, ndoa yake ikiwa imevunjika na mali yake yote ikiwa cherehani na mabegi mawili, kaka yake Abdulrazaki hakumuuliza mengi. Alimpa chumba, na baada ya mwezi akampa kazi. Nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi kulikuwa na kiwanja kilichozungushiwa ukuta, na Abdulrazaki alitaka kukifanya mahali pa watoto kuchezea sikukuu ya Idi. Bembea za kamba zilikuwa tayari, na kibanda cha juisi pia. Kilichobaki kilikuwa bembea ya kuzunguka, ya mitumba, iliyoletwa kwa lori kutoka Ikungi.

"Isugue kutu, uipake rangi za kuvutia," Abdulrazaki alimwambia. "Nyekundu, njano, bluu. Watoto wanapenda vitu vinavyong'aa."

Bembea yenyewe ilikuwa duara kubwa la chuma lililobeba wanyama wanane, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kiti mgongoni. Haikuwa na mota. Ilihitaji vijana wawili kuisukuma kwa mikono mpaka ishike kasi. Wanyama walitengenezwa kwa nondo na mabati, na rangi yao ilikuwa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na jua.

Hanifa alianza na ng'ombe. Akasugua kwa msasa asubuhi nzima, na alipofika mdomoni akakuta ulimi wa bati umening'inia nje. Akacheka kidogo, akahamia kwa punda. Punda alibeba madumu mawili ya chuma ubavuni, na Hanifa alipoyachungulia aliona hayana vifuniko na midomo yake imeinama chini, ishara kwamba ni matupu. Kanga alikuwa na mdomo wazi. Sungura masikio yamelala. Miguu ya wote, chini ya rangi ya juu, ilikuwa imepakwa rangi ya vumbi mpaka magotini.

Aliweka msasa chini. Mtu anayetengeneza mnyama wa kupandwa na watoto, akajiuliza, kwa nini ahangaike kumchosha hivi?

Siku ya pili alifika kwa mbuzi. Alikuwa mbuzi jike, na kiwele chake kilitengenezwa kikubwa, kimejaa, chuchu zimetanuka pembeni. Hanifa alitazama huku na huku kwenye duara. Hakukuwa na mwanambuzi popote.

Nyuma ya mbuzi, wa mwisho tangu alipoanza na ng'ombe, alikuwa fisi.

Huyu ndiye aliyemsumbua Hanifa zaidi. Wanyama wengine wote walitazama mbele. Fisi peke yake alikuwa amegeuza shingo, kichwa chake kikitazama nyuma juu ya bega, kana kwamba kuna mtu amemwita. Na mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Hanifa hakuwahi kuona picha ya fisi aliyefumba mdomo.

Jioni ile alimwonyesha kaka yake. Abdulrazaki alimzunguka fisi mara moja, akatikisa kichwa.

"Huyu hata mimi nilimwona siku ya kwanza. Nimeshaongea na fundi. Keshokutwa anakuja kumkata, atatuwekea farasi."

"Kumkata? Kwa nini?"

"Hanifa, hapa ni Singida. Ni mama gani atampandisha mwanawe mgongoni mwa fisi? Tena siku ya Idi! Watasema tumeleta uchawi."

Hanifa alijua kaka yake hakukosea. Utotoni mwao fisi hakutajwa usiku, na akina mama wa mtaani walikuwa na hadithi zao kuhusu watu wanaosafiri juu ya fisi. Hata hivyo alihisi kwamba kumkata yule fisi ni kama kung'oa ukurasa wa kitabu ambacho bado hajakisoma.

"Niachie kwanza nijue ametengenezwa hivyo kwa nini."

"Ukishajua, atageuka farasi?"

"Kaka, naomba."

Abdulrazaki alimtazama. Tangu arudi kutoka Tabora, dada yake alikuwa hajaomba kitu chochote. "Mpaka fundi aje," akasema.

Hanifa akampigia simu Alute, mzee aliyewauzia bembea. Alute alisema yeye aliinunua tu ikiwa tayari imetengenezwa. Aliyeitengeneza alikuwa fundi wa Kinyangiri, Mkalama, jina lake Lazaro, na alishafariki. "Lakini mkewe yupo," akaongeza. "Mama Marietha. Ukifika senta, mtu yeyote atakuonyesha."

Kesho yake asubuhi Hanifa alipanda basi. Alipofika Kinyangiri alielekezwa kwenye nyumba ya bati yenye uwanja mpana, ambapo mwanamke mrefu aliyeanza kuzeeka alikuwa akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetoka mbali?"

"Singida mjini. Naitwa Hanifa. Nimekuja kuuliza habari za bembea ya marehemu."

Fimbo ya Marietha ikasimama hewani. Kisha akaishusha polepole, akamwita mjukuu wake kwa Kinyiramba alete kigoda.

"Iko wapi?"

"Iko kwetu. Kaka yangu aliinunua Ikungi."

"Na wanyama wote wapo?"

"Wote wapo, mama. Mimi nawasugua, na ndiyo maana nimekuja. Nimeona ulimi wa ng'ombe, nimeona madumu ya punda ni matupu. Nimeona mbuzi ana maziwa na hana mtoto. Hawa wanyama wana kiu, sivyo? Kuna mahali wanakwenda."

Marietha alimkodolea macho, halafu akacheka hadi akashika magoti.

"Miaka yote ile iliyokaa hapa hakuna mtu mzima aliyeuliza! Watu walipandisha watoto, watoto wakapiga kelele, wakashuka, basi. Lazaro alikuwa anasema, 'Subiri, atakuja mmoja.' Nami namwambia, chuma ni chuma, nani atakisikiliza?"

Akamsogezea Hanifa kikombe cha uji wa mtama, akamweleza.

Hadithi haikuwa ya Lazaro. Ilikuwa ya Marietha. Aliwasimulia watoto wao walipokuwa wadogo, jioni, akisubiri ugali uive. Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa, na wanyama wakapatana kuhama pamoja kutafuta maji. Waliwekeana sharti moja: anayegeuka nyuma anaachwa. Wakaondoka alfajiri. Katika haraka ile, mbuzi alimsahau mwanawe aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha mwamba. Alipokumbuka walikuwa mbali, na maziwa yanamuuma, lakini akaogopa sharti. Aliyesikia kilio cha yule mtoto alikuwa fisi, kwa kuwa fisi ana masikio makubwa na alitembea mwisho.

"Basi fisi akageuka, akarudi," Marietha alisema. "Wenzake wote wakajua anakwenda kula. Na huenda hata yeye mwenyewe alifikiri hivyo."

"Halafu?" Hanifa akauliza.

"Halafu imeisha."

"Imeishaje? Alimla?"

"Na watoto wangu walikuwa wanauliza hivyohivyo! Nawaambia, mimi sikuwepo. Lala."

Hanifa alicheka, ila moyoni alihisi kuudhika kidogo, kama mtoto aliyepokonywa muwa.

"Lazaro alikuwa anakasirika kweli," Marietha aliendelea. "Anasema, 'Mke wangu, huwezi kuwalaza watoto na fisi namna hiyo.' Mimi namjibu, mwisho ukiujua huendelei kuifikiria. Tumebishana kuhusu yule fisi mpaka watoto wakakua. Ndipo akatengeneza bembea. Aliwaunda wote kama nilivyowasimulia, mpaka vumbi la miguuni. Alipomaliza akaniambia, 'Mwisho wa hadithi yako nimeuweka. Ukipanda utauona.'"

"Ukapanda?"

Marietha aliangalia alizeti zake. "Mwanangu, mimi ni mama wa kwaya. Nipande bembea watu wananiangalia? Nikamwambia, niambie tu kwa mdomo. Akakataa. Nikasema nitapanda siku moja pasipokuwa na watu. Siku hiyo haikufika. Alipougua tuliiuza bembea, na nilikuwa nafikiria hospitali, sikufikiria fisi."

Mjukuu alikuwa akiokota mbegu zilizoruka nje ya turubai.

"Mama," Hanifa akasema, "kesho kaka yangu anataka kumkata yule fisi."

Marietha aliinuka. Hakuuliza kwa nini. Alimwambia mjukuu aanue alizeti kabla kuku hawajafika, akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya na mkoba.

"Basi la mwisho halijapita," akasema. "Twende."

Njiani Hanifa alimpigia kaka yake. Akaambiwa fundi ameshafika, siku moja kabla, kwa sababu kazi yake nyingine ilikuwa imeahirishwa.

"Msikate kitu!" Hanifa alipiga kelele mpaka abiria wakageuka. "Naja na mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye hadithi!"

Walipoingia kiwanjani jua lilikuwa bado juu ya ukuta. Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, grainda ya kukatia chuma miguuni pake, na Abdulrazaki amesimama amekunja mikono. Hanifa aliona shingo ya fisi imechorwa mstari mweupe wa chaki, mahali pa kukata.

Abdulrazaki alikuwa amejiandaa kugomba, lakini alipomwona mama mtu mzima akakunjua mikono. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukusumbua kidogo."

Marietha alizunguka bembea akimgusa kila mnyama: ng'ombe, punda, kanga. Kwa mbuzi alisimama kidogo. Alipofika kwa fisi alitazama ile chaki, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Mume wangu alisema nikipanda nitauona mwisho," alimwambia Abdulrazaki. "Nilikuwa naona aibu. Sasa naona aibu zaidi kwa kutopanda."

Abdulrazaki hakuelewa neno hata moja, lakini alimshika mkono. Marietha akapanda mgongoni mwa fisi, kitenge akakibana vizuri mapajani. Alitafuta pa kuweka miguu. Wanyama wengine walikuwa na vipande vya nondo tu vya kukanyagia, ila kwa fisi kulikuwa na vikanyagio vidogo vya mviringo, vilivyopasuliwa katikati.

"Hizi ni kwato," Marietha alisema taratibu. "Hizi kwato za mbuzi."

Kisha akainua uso.

Kichwa cha fisi kilikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kukigusa. Ukiwa chini ungesema kinatazama nyuma, njiani. Ukiwa juu ya kiti, macho yale mawili ya bati yalikuwa yamepinda kwa namna ya kukutana na macho ya aliyepanda. Na ule mdomo uliofumbwa ulikuwa umefumbwa kwa uangalifu, kama wa mtu anayebeba kitu asitake kukiangusha.

"Haangalii nyuma," Marietha akasema, sauti imepungua. "Ananiangalia mimi. Hanifa! Mwanambuzi ni aliyepanda. Hakumla. Amembeba, anamkimbizia mama yake."

Hanifa alimtazama mbuzi, pale mbele ya fisi, na kile kiwele kilichojaa.

"Ah, Lazaro," Marietha alisema, na sasa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akimpiga fisi makofi madogo kwenye utosi. "Lazaro mbishi wewe. Umeniharibia hadithi yangu."

Abdulrazaki alisogea karibu. "Mama, tukusukume?"

"Sukuma, baba. Polepole tu."

Abdulrazaki alishika upande mmoja na fundi upande wa pili. Bembea ikalalamika, kisha ikaanza kwenda. Marietha alizunguka amenyooka kama bibi harusi ndani ya gari, na aliposhuka alimwambia Hanifa apande naye ajionee. Hanifa akapanda. Kisha fundi, baada ya kukataa kidogo, akapanda. Abdulrazaki alikuwa wa mwisho, na alikaa juu ya yule fisi muda mrefu kuliko wote, akimtazama usoni.

Siku ya Idi watoto walikuja wamevaa nguo mpya, mikono imepakwa hina. Hanifa hakuwapaka wanyama rangi za kung'aa. Aliwapaka rangi zao zilezile za zamani, na vumbi miguuni. Hakuandika maelezo yoyote, na alimkataza kaka yake kusimulia. Mwanzoni, kama Abdulrazaki alivyotabiri, akina mama waliwaondoa watoto kwa fisi. Kiti chake kilizunguka kitupu raundi kadhaa. Halafu binti mmoja mwenye gauni la zambarau alikosa nafasi kwingine, akampanda akiwa amekunja uso. Bembea iliposimama alikataa kushuka.

"Mama, huyu ananiangalia," alisema.

"Ndiyo maana nilikuambia usimpande."

"Hapana. Ananiangalia vizuri."

Ikawa foleni. Watoto wakaanza kubishana: wengine walisema fisi ni baba, wengine walisema amechoka anataka kupumzika. Mmoja aligundua madumu ya punda, akawaita wenzake. Marietha alikuwa amekaa kando ya kibanda cha juisi, mgeni wa nyumba kwa sikukuu nzima, akisikiliza kila jibu kwa makini. Hakumrekebisha mtoto hata mmoja.

Hanifa akaja kuketi karibu naye na sahani ya pilau.

"Mama, kuna kitu bado kinanisumbua," alisema. "Sharti lao. Anayegeuka nyuma anaachwa. Fisi akifika na mtoto, watampokea?"

Marietha alitafuna, akafikiri. Bembea ilipita mbele yao ikisukumwa, mbuzi kisha fisi, mbuzi kisha fisi.

"Sijui," akasema. "Unaonaje wewe?"

Hanifa akaweka sahani chini, akaanza kumweleza.