Pombe Isiyoonjwa

Nani kasema wanaume ndio wanaojua kuongoza watu? Mume wangu Abdu alikuwa kapita wa wachukuzi pale bandarini Gisenyi, anawasimamia kubeba magunia ya kahawa kutoka ghalani hadi melini, na nusura apoteze kazi hiyo kwa ajili ya ukarimu. Ndiyo, ukarimu! Ngojeni niwaeleze.

Wachukuzi wake walikuwa wanaume wa Kanama, kule milimani. Siku moja walifanya kazi kwenye mvua, wakafunika magunia kwa nguo zao wenyewe, na kahawa haikulowa. Abdu akafurahi mno. Akamwagiza Nyiramana, mpika pombe wa Mahoko, mtungi mzima wa pombe ya ndizi. Akautua mbele ya watu wake, akatia mrija, akasema, "Kunyweni, ndugu zangu," kisha akarudi nyuma, akakunja mikono. Sisi ni Waislamu, pombe hatugusi. Wale wanaume wakatazamana kidogo, lakini kiu ilikuwa kali, wakanywa.

Kesho yake hakuja mtu. Abdu akadhani ni ulevi, akangoja. Wapi! Akatuma salamu kwamba ataongeza mshahara, kimya. Akaahidi na chumvi juu yake, kimya zaidi. Mgiriki mwenye kahawa akaja amevimba kwa hasira. "Meli ya Bukavu inaondoka Jumamosi. Kahawa ikibaki hapa, kazi anachukua Phocas." Huyo Phocas alikuwa kapita wa barabara, na kila mtu alikijua kiboko chake. Alikuwa akisema watu wa milimani husikia kwa mgongo.

Abdu akarudi nyumbani Mbugangari, hata chai ikamshinda. "Saidati, watu hawa ni wavivu," akaniambia.

"Wavivu? Wale waliovua nguo kufunika kahawa ya watu?" Nilimkasirikia kweli. "Mtu hawi hodari jana akaamka mvivu leo. Kuna kitu kimewauma. Umewauliza?"

"Kapita hamwulizi mchukuzi."

"Haya, kaa na ukapita wako, Phocas anakuja kuuchukua."

Nikajifunga kitenge, nikapanda Mahoko, maana ilikuwa siku ya soko, na watu wa Kanama wote hukutana pale. Hasira ikinishika hata mlima siuoni. Nikamkuta Nyiramana katikati ya mitungi yake, na alipoinua macho hakunipa mkono.

"Mi sisalimiani na muke wa mulozi," akasema.

"Mchawi? Abdu wangu? Nyiramana, una wazimu?"

"Ile pombe nilipika mi mwenyewe, ilitoka hapa muzuri. Lakini bwana yako aliiweka chini, akarudi nyuma. Hakuonja! Usiku muchukuzi mumoja, Sibomana, akatapika mpaka asubuhi. Donc, basi, tunasikia anaongeza mshahara. Halafu chumvi. Ya nini vyote hivyo? Mutu anakupa, anakupa, anakupa, anataka nini kwako?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha kicheko kikakatika, nikaogopa. Kule kwao anayekupa pombe huonja yeye kwanza, ujue haina sumu na moyo wake hauna kinyongo. Hilo hata mtoto wa Kanama analijua. Abdu amekulia mjini, na dini imemfunga mdomo. Kila alipoongeza zawadi, alikuwa akiongeza hofu.

"Nyiramana," nikasema, "ile juisi ya ndizi, kabla haijawa pombe, iko?"

"Mutobe? Iko."

"Niwekee mtungi."

Ijumaa, baada ya sala, nilimkokota Abdu hadi Mahoko. Njia nzima ananung'unika kwamba nitamwaibisha, nami namwambia aibu ya leo ni ndogo kuliko ya Jumamosi. Wanaume wa Kanama wakakusanyika, wamesimama mbali. Abdu akautua mtungi. Safari hii akapiga goti, akashika mrija, akanywa mbele yao wote. Akanywa tena. Kisha akamnyooshea mrija Bimenyimana, mkubwa wao.

Bimenyimana hakuupokea. "Kwa nini siku ile haukuonja?"

"Dini yangu inanikataza pombe. Hii ni tamu tu, hii ninaweza."

"Bon! Si ungesema?"

"Ningejuaje? Hamkuniambia."

"We haukutuuliza."

Abdu akanigeukia. Nikatazama mawingu. Nyuma kule Sibomana akajikuna kichwa. "Labda ni yale maharagwe," akasema. "Muke wangu alinionya yamelala." Soko zima likaangua kicheko, na Bimenyimana akapokea mrija.

Jumamosi alfajiri walishuka wote, wakiimba. Jua lilipokuwa juu ya milima, ghala lilikuwa tupu na meli inapiga honi. Mgiriki akaja na gari, Phocas kando yake na kiboko chake mkononi, asijue pa kukiweka. Kwa furaha Mgiriki alikuwa amenunua mtungi wa pombe. Akaamuru ushushwe mbele ya wachukuzi, akapangusa mikono, akageuka kurudi garini.

Hakuna aliyesogea.

"Bwana," Abdu akamwita, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia nyumbani kwangu, "onja kwanza."

"Mimi? Hiyo ni ya wachukuzi."

"Ndiyo, bwana. Onja."

Mgiriki akamtazama Abdu. Akawatazama wale wanaume, mikono yao imetulia tuli. Akavua kofia yake, akakosa mahali pa kuiweka, akampa Phocas amshikie. Kisha akainama, akanywa.