Mkwe Aliyenitengenezea Tovuti

Ukitaka kumpa kijana kazi ya kukutengenezea tovuti, muulize kwanza kama ana mke. Mimi niliuliza mengine yote. Niliuliza ofisi yake iko wapi pale Musoma, amewahi kuwafanyia kina nani, kazi itakuwa tayari lini. Hilo moja sikuliuliza, na ndilo lililonifunga mikono.

Nashona magodoro na mito ya pamba hapa Bunda. Pamba ni ya wakulima wa huku huku. Tunaichambua mimi na binti yangu Boke, tunashindilia, tunashona. Mwaka huu ilifunguliwa lodge mpya upande wa mbugani. Meneja wake, Debora, akanipigia kuwa wenye lodge wanataka magodoro ya pamba ya hapa hapa kwenye vitanda vyote, sponji hawataki hata kuiona.

"Ila mabosi wako mbali, mama," akasema. "Wanaangaliaga websaiti kwanza. Unayo?"

Nikasema iko njiani. Haikuwa kwenye njia yoyote. Kesho yake nikaenda Musoma kumtafuta Hezron, mwenye kampuni ya kutengeneza tovuti, nikampa kazi.

Akaja Bunda na kamera kubwa. Boke ndiye aliyembebea mito na kuipanga juani ipigwe picha. Alipiga mchana kutwa, na mimi mjinga nikamsifu kwa bidii. Tovuti ilipotoka, humo ndani hapakuwa na godoro langu hata moja. Palikuwa na magodoro ya sponji ya ughaibuni, na mama mmoja wa Kizungu amelala huku anatabasamu. Picha zilizopigwa kwangu nilikuja kuziona kwenye simu ya Boke, ametumiwa: Boke na mto, Boke bila mto, Boke anacheka.

Nilivaa viatu ili niende Musoma nikamseme. Sikufika. Asubuhi hiyo hiyo waliingia uani wazee wanne kutoka Butiama, mbele yao mshenga, Mzee Keraryo. Wamekuja kumposea Hezron binti yangu. Mume wangu alishafariki, kwa hiyo wenye kauli ni shemeji zangu, na wao waliikubali posa chai haijapoa.

Kuanzia siku ile nikawa mtumwa wa adabu. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mama mkwe hamshiki mkono, hali naye, hakai naye chumba kimoja, sembuse kumgombeza. Simu haikuwepo mila hii ilipowekwa, lakini wifi zangu walikaa wakaamua kwamba nayo imo. Nikawa na fundi nisiyeruhusiwa kumwambia kuwa kazi yake ni mbovu. Nikimsema, nimeivunja ndoa ya mwanangu. Nikinyamaza, oda ya lodge inakwenda.

Nikamwomba Boke amwambie yeye. Akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua pamba.

"Naanzaje, mama? Si wataniona nimeanza kumtawala mtu hata sijaolewa?"

Nikadhani ni haya ya mapenzi. Nikamwacha.

Ikabidi nipitie kwa mshenga. Mzee Keraryo hajawahi kufungua tovuti maishani, lakini malalamiko ya wakwe anayajua sana. Nikamtuma amwambie kijana kwamba picha sizo. Akaitikia kwa uzito, akaenda, akarudi na mbuzi.

"Kijana anasema amekosa, mama. Anaomba radhi."

Picha zikabaki vilevile. Nikamtuma tena: namba ya simu iliyowekwa pale ni ya Hezron, wateja wangu wanampigia yeye. Akarudi na doti ya kitenge na mfuko wa sukari. Safari iliyofuata nilisema kwa ukali kidogo. Akaja mbuzi mwingine, mnene kuliko wa kwanza, pamoja na habari kwamba, kwa jinsi tunavyoelewana, ng'ombe wa mahari wataletwa Jumamosi.

"Jumamosi hii?"

"Sasa tunasubiri nini, Mama Boke? Wewe unapokeaga vizuri."

Kumrudisha mbuzi wa radhi ni kuutukana ukoo mzima. Kumla ni kusema yamekwisha. Tukamla. Nilitafuna kwa hasira, na nyama ilikuwa tamu, jambo lililonikasirisha zaidi. Nilijiona kama mtu aliyeshonewa ndani ya godoro lake mwenyewe.

Alhamisi Debora akaja. Hakutaka hata kuketi. Boke alikuwa chini, katikati ya lundo la pamba.

"Shikamoo, Mama Boke. Mabosi wameiona websaiti yako. Wanauliza, mbona sponji? Wanasema huyu ni mchuuzi tu, ananunua anauza. Mimi niliwaapia kwamba unashona mwenyewe." Akanisogezea simu, yule mama wa Kizungu bado amelala. "Hii ni kazi yako au siyo? Nijibu, niwaandikie sasa hivi."

Swali jepesi kabisa. Lakini nikisema siyo, atauliza nani ameitengeneza, na habari itafika Butiama kabla yeye hajafika lodge: mama mkwe amemwita mkwe wake tapeli mbele ya wageni, na ng'ombe wako mlangoni. Nikamtazama Boke. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni yetu. Tunauzaga na sponji."

Debora alinitazama kwa huruma, na nilitamani anitukane.

"Basi, mama. Nitawaambia."

Alipoondoka, Boke akasimama, nyuzi za pamba zimemjaa kichwani.

"Mama, umedanganya."

"Ulitaka nifanyeje? Niivunje ndoa yako?"

"Ndoa yangu?" Sauti ilimkatika. "Mimi nilikuwa nasubiri ukatae. Mbuzi alipokuja nikasema, mama atamrudisha. Ukampokea. Kitenge kikaja, ukapeleka kwa fundi. Nikasema, kumbe mama anamtaka huyu mtu, anaogopa kazi yake ya magodoro itaharibika. Nikanyamaza."

"Na zile picha? Si unacheka?"

"Aliniambia anapiga mito, mama."

Niliketi pale pale juu ya pamba. Oda nimeitupa kwa ajili yake, na yeye alikuwa anakwenda kuolewa kwa ajili yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikachukua simu, nikampigia Hezron, na sikuipunguza sauti ingawa wifi yangu mkubwa alikuwa anatwanga nyuma ya ukuta.

"Usikate. Ni mama yake Boke."

Nikasikia kiti kikiburuzwa. Kijana wa watu alikuwa amesimama.

"Shikamoo, mama. Lakini mimi na wewe hatutakiwi—"

"Najua. Wazuie ng'ombe wa Jumamosi. Mtoto hataki, na mimi nilichelewa kumuuliza."

Nyuma ya ukuta, mchi ukaacha kutwanga.

"Mama," Hezron akasema polepole, "mbuzi mlishakula."

Boke alikuwa ananitazama.

"Tulishakula," nikasema. "Wazuie ng'ombe."